Duka la sarafu la Ndia Kuu: hapa unapewa kioo kwanza, bei baadaye

Duka hili halina kibao, na mimi kazi yangu ni kuandika vibao. Tangu 1996 naandika majina ya maduka, ya mikokoteni ya maji, ya matatu, na ya mashua mara mojamoja. Kwa hivyo nilipoelekezwa mahali ambapo mlangoni hapana hata herufi moja, nilipita mara mbili bila kupaona. Ukitoka Ngome ya Yesu, hapa Mombasa, ingia Ndia Kuu, bahari iwe upande wako wa kulia, utembee mpaka usikie cherehani za washona kanzu. Mlango unaofuata, wenye vidato viwili vya kushukia ndani, ndio wenyewe. Chumba ni chembamba, dirisha moja, meza ndefu yenye kioo juu, na nyuma yake mzee wa miaka sabini na kitu ambaye kila mtu mtaani humwita Ami. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Nilikwenda kwa sababu ya mkebe wa nyanya yangu. Alipofariki tuligawana vitu vyake, na mimi nilipata mkebe wa maziwa ya unga uliojaa sarafu: senti za tundu, thumuni, shilingi za Kenyatta, na vipande vingine vyeusi ambavyo sikuvijua. Nilitaka mtu aniambie ni nini na vina thamani gani. Sokoni nilishapata wawili waliotaka kununua mkebe wote kwa uzito, kama vyuma chakavu. Nilipoingia kwa Ami nikategemea hali ile ile.

Yeye hakuupima. Alitandika kitambaa cha kijani mezani, akamwaga sarafu zote, akanipa kioo cha kukuzia na kunivutia kiti dirishani. Akaniuliza, "Wewe wafanya kazi gani, mwanangu?" Nikamwambia. Akatabasamu, akasema, "Basi usitazame vichwa. Tazama maandishi."

Nimeandika tathmini hii kwa ajili ya maneno hayo. Nimewahi kuingia maduka mengine ya vitu vya kale, hapa mjini na Nairobi, na kote sarafu hupangwa kwa bei au kwa nchi. Kwa Ami trei zimepangwa kwa maandishi. Sarafu mbili za mwaka mmoja, za thamani moja, za madini mamoja, hukaa trei mbili ikiwa herufi zake si za mkono mmoja. Sikujua kwamba jambo hilo lipo duniani. Nilidhani sarafu zote za aina moja ni sawa, kwa kuwa zatoka kiwandani. Mimi ninayejua kwamba siwezi kuandika neno HOTELI mara mbili likatoka sawasawa sikuwahi kufikiri kwamba hata muhuri wa chuma unaogonga sarafu huchongwa na mtu, na mtu ana mkono wake.

Alianza na za karibu. Akatoa shilingi mbili za Kenyatta kutoka mkebe wangu. "Tofauti gani?" Moja ilikuwa ya 1967, nyingine ya 1971. Nilitazama uso, sikio, ndevu. Halafu nikaona, na nilipoona nilishangaa jinsi nilivyoishi nazo utotoni bila kuona. Ile ya zamani ina kichwa peke yake, pembeni hapana neno. Sarafu za kwanza za Kenya zilitoka 1966, na mpaka 1968 uso wa Mzee ulikaa kimya namna hiyo. Kuanzia 1969 maandishi yakauzunguka: MZEE JOMO KENYATTA, na THE FIRST PRESIDENT OF KENYA. Nilihesabu herufi kwa mazoea ya kazi: 40. Kupanga herufi 40 kwenye duara la upana wa shilingi, zisigusane, zisiache pengo upande mmoja, ni kazi ya mtu anayejua alichokuwa akifanya. Mimi hupewa jina la duka la herufi 20 na ukuta wa mita tatu, na bado hupiga mstari wa chaki mara nne.

Baada ya hapo sikuweza kunyanyuka. Alinionyesha jinsi jina la rais wa pili lilivyoandikwa lote, DANIEL TOROITICH ARAP MOI, na jinsi zile sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018 zilivyoachana na vichwa kabisa, kwa sababu Katiba ya 2010 imekataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa. Sasa tuna twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Hizo hakuzikalia sana. Mimi pia. Herufi zake ni safi na hazina ubaya wowote, lakini ni za kompyuta, na anayeandika kwa mkono hulijua jambo hilo akizitazama tu.

Trei ya senti za tundu ndiyo iliyonipotezea adhuhuri nzima. Hizi wazee wetu wanazijua: senti kumi kubwa ya shaba yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zilizopinda kulizunguka, watu walizitunga kwenye uzi kama samaki. Nyanya yangu alikuwa nazo zaidi ya thelathini. Machoni pangu zote zilikuwa kitu kimoja. Ami alizipanga mstari mmoja na kuniambia nisome majina ya wafalme.

Kwa kuwa tundu limechukua mahali pa kichwa, mfalme alibaki jina tu. Na jina hilo lilibadilika. GEORGIVS V, kisha 1936 EDWARDVS VIII, kisha GEORGIVS VI. Yule Edward alitawala mwaka huo huo tu, kuanzia Januari hadi Desemba, akaacha kiti. Uingereza hapakuwahi kutolewa sarafu za kawaida za matumizi zenye uso wake. Lakini huku kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu ya tundu, hapakuhitajika uso, jina lake likachapwa kwenye senti tano na senti kumi na zikaingia madukani. Katika mkebe wa nyanya yangu zilikuwamo mbili. Nyanya alizinunulia chumvi zile, au angeweza kuzinunulia, na Waingereza kwao hawakuwa nazo. Nilizishika muda mrefu.

Halafu ile V. Mimi ningeandika GEORGIUS kwa U. Wao wameandika kwa V, kama walivyochonga Warumi kwenye mawe, kwa sababu Kilatini cha kale hakikuzitenga U na V, zilikuwa herufi moja. Tazama tena mwisho wa maandishi: mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuna ET IND:IMP:, yaani mfalme huyo ni mtawala wa India pia. India ikapata uhuru 1947. Senti kumi ya 1949 haina tena IND wala IMP; nafasi ilipobaki wazi, nambari ya VI ikageuzwa neno zima, SEXTVS, na duara likajaa. Hapo nilicheka kwa furaha, kwa sababu ndivyo nifanyavyo mimi mwenye duka akifuta neno "na Wanawe" kwenye kibao: huna budi kulinyoosha jina lililobaki. Nchi nzima imeondoka kwenye milki, na alama yake huku Mombasa ni nafasi ya herufi iliyohitaji kujazwa kwenye senti kumi.

Malkia alipokuja, Kilatini kikaachwa: QUEEN ELIZABETH THE SECOND, kwa U ya kawaida. Na za mwisho, za 1964, hazina jina la mtawala kabisa, ni EAST AFRICA tu.

Kuna pia herufi ndogo ambazo nilizidhania makovu. H ni ya kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni King's Norton, mji huo huo. I ni Bombay. SA ni Pretoria. Wakati wa vita hivyo meli zilikuwa hatarini na viwanda vya Uingereza vina kazi nyingine, basi senti zetu zikachapwa Bombay na Pretoria pia. Ukiweka ya Bombay na ya Pretoria pamoja chini ya kioo, utajua hata kabla ya kuitafuta ile herufi. Ndivyo Ami alivyoniambia, na mara ya kwanza sikumwamini. Mara ya tatu nilipokwenda alinifunikia alama kwa kipande cha karatasi na nikapata nne kati ya sita. Sasa naamini.

Lakini kama una saa moja tu ya kukaa kwenye duka hili, mwombe akutolee hela za Tabora.

Hizi hawezi kuziweka mezani, zimo kwenye kijaluba cha bati chini. Mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika walikuwa wamezingirwa na vita, manowari za Kiingereza zimeziba bahari, sarafu kutoka kwao haziji. Wakaanza kuchapa wenyewe kwenye karakana ya reli, Tabora. Hela 20 kwa shaba na kwa shaba ya njano, vyuma vilivyookotwa, maganda ya risasi. Na rupia 15 za dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, zenye picha ya ndovu, kama elfu kumi na sita tu. Septemba ya mwaka huo Wabelgiji wakaingia Tabora, na kazi ikaisha.

Dhahabu Ami hana, na hajidai kuwa nayo. Za hela 20 anazo tisa. Upande mmoja kuna taji, herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1916 na T ya Tabora. Upande wa pili imeandikwa 20 HELLER. Mihuri ilipochoka ilichongwa mingine, na karakana ile ilikuwa ya reli, si kiwanda cha sarafu. Kwa hivyo kuna taji kubwa na kuna taji dogo. Na kuna L. Neno HELLER lina L mbili, na humo ndimo fundi alimojisahau. Kwenye baadhi, ncha za L zote mbili ni kali, zimekatwa moja kwa moja. Kwenye nyingine zote mbili zimejikunja kama mkia wa kinyonga. Na kuna aina ya tatu ambapo L ya pili peke yake ndiyo imejikunja.

Niwaeleze kwa nini L hiyo ya tatu ilinishika roho. Mimi nimewahi kuifanya. Kuna duka la simiti Changamwe ambalo herufi yake moja ina mkia usiofanana na mwenziwe, kwa sababu niliiandika baada ya kula, mkono umelegea, na mteja hakuona. Miaka kumi na moja sasa napita pale na jicho langu huenda palepale. Fundi yule wa Tabora, sijui alikuwa Mjerumani au Mwafrika, alichonga L ya kwanza, labda akaitwa, labda jua lilikuwa limekuchwa, akarudi na mkono mwingine. Mambo hayo mawili kayaacha kwenye chuma, kisha yakagongwa maelfu kwa maelfu, yakaingia mifukoni mwa askari na wapagazi. Neno letu "hela" limetoka kwenye sarafu hizo za Wajerumani, tunalitamka kila siku. Mimi nimeliona limeandikwa na mtu aliyechoka.

Nilinunua moja, ya shaba ya njano, taji dogo. Ami alitaka elfu mbili na mia tano, tukamaliza kwa elfu mbili na mia mbili. Sijutii hata senti.

Tuje kwa yetu ya hapa. Sarafu ambayo mtu wa Mombasa hana budi kuiona ni paisa ya kampuni, 1888. Ile kampuni ya akina William Mackinnon iliyokodi pwani kwa Sultani wa Unguja ilitoa pesa yake yenyewe, na juu yake wakaandika MOMBASA. Kuna jua lenye taji, kuna mizani, kuna jina refu la kampuni, kuna 1888, na kuna mwaka wa Hijra kwa tarakimu za Kiarabu: ١٣٠٦, yaani 1306, mwaka ulioanza Septemba 1888. Paisa 64 zilifanya rupia moja. Mimi nimezaliwa Mombasa, nimeandika neno MOMBASA pengine mara elfu moja kwenye milango ya malori, na mpaka miaka hamsini sikujua kwamba lilishachapwa kwenye shaba kabla babu yangu hajazaliwa.

Ami ana paisa saba. Aliziweka duara. Hazilingani. Kwenye baadhi herufi zimejaa na kubanana, kwenye nyingine ni nyembamba na zina hewa kati yake. Zile 8 tatu zilizofuatana ndizo za kuzitazama zaidi. Kuna paisa ambayo 8 zake ni viduara viwili, kimoja juu ya kingine, vimetulia kabisa. Na kuna ambayo zimebanwa kiunoni. Nane ni tarakimu ngumu. Anayejifunza kazi kwangu humpa nane siku ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo mkono hujifichua: tumbo la juu likiwa kubwa kuliko la chini inaanguka kifudifudi. Kwa 1306 ya Kiarabu nilitumia macho ya chuoni, chuo cha Kurani. Sifuri ni nukta, na nukta ile ndiyo inayopotea kwanza sarafu ikichakaa, mtu akadhani mwaka ni 136.

Hapo Ami alinipa somo ambalo naona ndilo la thamani zaidi kwa mnunuzi, na analitoa bure. Si kila tofauti ni tofauti. Sarafu iliyotembea miaka thelathini kwenye mifuko huwa na herufi nyembamba kwa sababu zimesagika. Iliyogongwa na muhuri uliochoka huwa na herufi nono zisizo na makali. Iliyogongwa mara mbili huwa na kivuli kando ya kila herufi, upande mmoja wote. Hizo ni ajali za siku moja. Tofauti ya kweli ni ya muhuri wenyewe: umbo la herufi, nafasi kati yake, zinaelekea wapi zikilinganishwa na picha. Njia yake ni kuvuta uzi. Anachukua uzi wa cherehani kutoka kwa majirani zake, anaupitisha kutoka herufi moja hadi upande wa pili wa duara, aone unagonga wapi. Uzi ukipita juu ya taji kwenye sarafu moja na kando ya taji kwenye nyingine, hiyo ni mihuri miwili, hata kama zote zimechakaa. Ndivyo nifanyavyo ukutani kwa uzi wa chaki. Sikutarajia kukutana na uzi wangu huko.

Na ningekutana na Ami mapema ningeokoa pesa. Mwaka juzi nilinunua rupia ya Mombasa ya 1888 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, elfu kumi na nne. Nilimpelekea Ami nikiwa na fahari. Hakusema neno. Aliiweka kwenye mizani ya sonara: gramu 9.8. Rupia ya kweli ni gramu 11.66, sawa na ya India, kwa sababu zilitembea pamoja. Kisha akanipa kioo. Kingo za herufi zilikuwa za mviringo, kama sukari iliyoanza kuyeyuka, na ndani ya O ya MOMBASA palikuwa na vijitundu vya mapovu. Imemiminwa kwenye kalibu, haikugongwa. Herufi iliyogongwa huinuka kwenye uwanja wa sarafu kwa ukuta uliosimama. Iliyomiminwa hutelemka. Nilikuwa na macho ya kuona hilo siku ile niliponunua, kama mtu angeniambia mahali pa kutazama. Muuzaji hakujibu tena ujumbe wangu.

Mambo mengine kwa haraka. Ana riali za Maria Theresa, malkia wa Austria, zile ambazo wazee waliziita reale ya Shamu, zote zimeandikwa 1780 kwa kuwa ndio mwaka aliokufa malkia yule, ingawa zilichapwa Vienna na miji mingine mingi kwa zaidi ya karne baadaye. Ukingoni mwake pana maandishi pia, na Ami anajua kuzitenga kwa vishaufu vya kwenye vazi na kwa nukta za herufi. Nilichoka, hapo sikumfuata. Ana pesa za Wajerumani za 1890 zenye tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, nzuri mno. Ana za Tanzania, na hizo nizisemee kidogo.

Senti hamsini ya Tanzania ina sungura na imeandikwa SENTI HAMSINI. Ishirini ina mbuni, SENTI ISHIRINI. Zimeandikwa kwa Kiswahili tangu 1966, mwaka ule ule ambao Kenya ilitoa za kwanza. Niliziweka kando ya ya kwetu, THE FIRST PRESIDENT OF KENYA, na nikaona uchungu. Noti zetu ziliandikwa Kiswahili, shilingi mia moja na mengineyo, lakini chuma, ambacho ndicho mtoto hushika kwanza akitumwa dukani, kilisema Kiingereza. Mji huu ulikuwa na paisa yenye tarakimu ambazo kila mtoto wa chuo angezisoma. Namwandikia mtu kibao cha KINYOZI na sijawahi kuona mteja aliyepotea.

Sasa kasoro, maana zipo, na mtu asije akaniambia nilimficha.

Bei haziandikwi. Ami huzijua kichwani, na naamini kwamba siku ambayo magoti yanamuuma zinapanda. Niliuliza bei ya senti kumi ya Bombay Jumanne ikawa 150, Alhamisi ikawa 250. Sarafu zenye bei hiyo hazina haja ya kujadiliwa. Karatasi ndogo kwenye kila trei ingetosha. Risiti hatoi ila umwombe, na akikuandikia, huandika "sarafu 1" bila mwaka wala aina. Mtu anayetenganisha L mbili kwa mkia wake anaweza kuandika mstari mmoja zaidi.

Mwanga ni tatizo kubwa. Dirisha linatazama kichochoro, baada ya saa tisa alasiri huoni tena. Taa iliyopo ni ya bomba nyeupe, inamulika sarafu yote kwa usawa na herufi zinalala. Ili herufi ziinuke mwanga lazima uje kwa pembeni, kama jua la asubuhi linavyoonyesha kila kovu la ukuta. Nilimpelekea taa ndogo ya shingo ya kupinda. Anaitumia ninapokuwepo, nikiondoka anairudisha kabatini ili isiharibike.

Kasoro iliyoniumiza ni hii: kwenye kona, karibu na mlango, ana bakuli la sarafu zilizosuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka zinang'aa kama vifungo vipya. Ni za watalii, anasema, wao hutaka zing'ae. Nilikuta humo senti kumi ya 1936 ya Edward, imesuguliwa mpaka vikucha vya E na D vimekwisha. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba hilo ni kosa. Alinyamaza, akasema, "Kodi ya nyumba pia ina maandishi, mwanangu." Namwelewa. Bado ni kosa. Angalau hazichanganyi na zile za trei, na akikuuzia kutoka bakuli hukwambia wazi kwamba imesuguliwa. Za kuiga anazo mbili tatu pia, amezigonga chapa ya nukta nyuma, na hataki kuziuza hata ukimwomba. Ni za kufundishia.

Ukienda, nenda asubuhi kati ya saa tatu na adhuhuri. Ijumaa usijisumbue. Kwanza salimia ukae. Akina sisi wa haraka hupewa bakuli, wanaokaa hupewa trei. Chukua pesa taslimu au M-Pesa, vyote anapokea. Usiende na sarafu ulizosafisha. Kama una watoto wa darasa la nne kwenda juu, wachukue, huwa anawapa senti za tundu wapange kwa herufi na hachoki nao. Mwanangu wa kike alipata ya KN ndani ya dakika tano, akaniuliza kwa nini mimi nilichukua saa nzima.

Mkebe wa nyanya sikuuza. Ami alinunua shilingi sita zilizokuwa na jozi, kwa bei ambayo baadaye niliihakikisha ni ya haki, na iliyobaki tulipanga pamoja kwa siku tatu kwenye vibahasha. Kati ya vile vipande vyeusi vya chini kimoja ni paisa. Upande wa maandishi umeoza, lakini nimekiloweka kwenye mafuta ya mzaituni kama alivyoniagiza, mwezi wa pili huu, na jana usiku chini ya taa ya pembeni nimeanza kuziona 8 mbili za mwanzo. Viuno vyake vimebanwa. Ya tatu bado imefunikwa. Jumamosi nampelekea, na uzi wangu mwenyewe.